Maiti Haendeshi Treni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, mama yetu alikufa kule Likasi na shida ikaanza. Baba alikuwa ameshakwenda Kolwezi kwa mwanamke mwingine, hakurudi hata kuzika. Nilibaki na mdogo wangu wa kiume, meno yake hayajatimia. Nilimbeba mgongoni nikauza mkaa, nikauza mihogo, nikauza maji kwa watu wasiokuwa na bomba. Shule niliiacha darasa la pili. Kwa hiyo anayesoma hapa asinitafutie maneno ya maprofesa. Ninaandika kama ninavyosema, na ninaposema watu wananielewa, hata wale wasiopenda kunielewa.

Njia ya kufika Johannesburg sitaieleza. Kila Mkongomani hapa ana njia yake, na zote zina mipaka na polisi ndani. Nilifika, nikasuka nywele kando ya barabara, mteja kwenye kiti cha plastiki, mimi wima. Nikasuka mpaka nikapata saluni yangu mwenyewe, Rosettenville, katikati ya duka la Mreno wa kuku na kinyozi Mtanzania. Mdogo wangu nikamwita aje. Yeye hakubahatika. Alilinda magari miaka yote hiyo, amevaa kizibao cha kung'aa, anawapungia mikono wenye magari kuwaonyesha jinsi ya kurudi nyuma, kana kwamba hawana vioo. Anayetaka anampa chochote, asiyetaka anapandisha dirisha. Mtu mwenye mvi kichwa kizima, na hajawahi kuwa na bosi anayelijua jina lake.

Sasa nieleze filamu, maana bila filamu hamtaelewa kitu.

Kusuka rasta ndogo ndogo ni kazi ya siku nzima. Mteja akishakaa hana pa kwenda, amebakiwa na shingo na macho tu. Ndiyo maana saluni zetu zina televisheni. Ya kwangu ilikuwa inaonyesha filamu za treni, ziko tatu, na wateja hawakutaka nyingine. Chini ya mji mkubwa kuna mji mwingine, watu wake hawajui jua, mvua yao inatoka ardhini inapanda juu. Wana treni moja na dereva mmoja, anaitwa Dereva tu. Katika ile ya tatu breki zinakatika, na Dereva anaizuia treni ukingoni mwa shimo, abiria wote wanapona, yeye anakufa. Kila ikifika hapo saluni inalia. Nimewahi kusuka huku nikimpangusa mteja machozi kwa taulo la nywele.

Rasta ndogo ndogo zinamaliza filamu zote tatu. Mistari ya kawaida inamaliza moja na nusu. Kuna msichana alisuka mistari, akatoka kabla ya kujua kama treni ilisimama. Wiki hiyohiyo akarudi, akafumua nywele nzima, akaomba rasta.

Mimi filamu zile nimezisikia, sijaziona. Macho ya msusi yako kwenye ngozi ya kichwa. Ukiinua macho, mstari unapinda, na mstari ukipinda mteja atakutangaza mpaka Yeoville. Kwa sauti yake mimi nilimjua Dereva kuwa mtu mfupi, mnene, mwenye kitambi. Siku nilipoambiwa ni mrefu, mwembamba, mwenye mvi, nilikasirika kama mtu aliyepelekewa bwana harusi asiye yule wa kwenye picha.

Basi tukasikia kwamba ile bustani ya burudani iliyo upande wetu wa kusini, ambako watu wanalipa ili watishwe kwenye magurudumu na reli za angani, inataka kujenga eneo jipya, lote la filamu zile. Mji wa chini, treni, mvua, kila kitu. Na wakaandika kwenye mtandao wao kwamba mashabiki watoe maoni kabla ya kujenga. Eish, watu wale hawakujua wanamwomba nani maoni.

Kazi ilisimama saluni kwangu. Mabishano yalianzia kwenye mvua. Mke wa shemasi, mama mmoja Mrundi, mnyenyekevu kanisani lakini kwenye filamu ana ukali wa askari, aliuliza kama wamefikiria sketi, kwa sababu mvua inayopanda haichagui. Wengine wakasema kila mtu avae suruali. Akasema kanisa lao hawavai suruali, sasa wao wakapande treni ya nani? Likaja suala la giza. Mji wa chini hauna jua, kwa hiyo lazima kuwe giza, na kinyozi Mtanzania akasema hii ni Johannesburg, ukitengeneza giza la kulipia, wezi wataingia humo kama wafanyakazi. Likaja suala la mkate, kwa sababu katika filamu ya kwanza kuna mwanamke anampa Dereva mkate dirishani. Je, mkate utakuwa wa kula au wa plastiki? Watu wawili waliacha kusalimiana kwa ajili ya mkate ule. Jioni mke wa shemasi anakusanya yote, anayaandika kwenye simu kwa Kiingereza chake, anawapelekea bustani. Na wao wanajibu: asante, tunasikiliza.

Mimi nilicheka. Nilisema watu wazima mnagombania nyumba ya maboksi. Nilicheka mpaka siku jambo lilipoingia nyumbani kwangu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kizulu, mteja wangu, anafanya kazi palepale kwenye bustani. Alimaliza kusuka, akatoka, mdogo wangu akamwongoza kutoka kwenye maegesho, akamwambia kwa ile sauti yake nzito, taratibu mama, bado kidogo, simama hapo. Yule mama akasimama kweli, akazima gari. Akashuka, akamtazama juu mpaka chini. Mrefu, mwembamba, mvi, na sauti. Wiki iliyofuata wakamwita kujaribiwa, na wakamchagua awe Dereva. Atavaa sare, atasimama dirishani mwa treni, atawasalimu watoto, atapuliza honi. Atalipwa kwa mwezi, kwa mkataba, na picha yake kwenye kadi shingoni.

Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua koti. Akaniambia, kwa neno letu la kumwita dada mkubwa, "Yaya, wamenipa kabati la kuwekea nguo. Limeandikwa jina langu." Nikampa chakula, nikageukia sufuria, kwa sababu ningemtazama ningelia, na mimi silii mbele ya mtu niliyemlea.

Habari ilifika saluni asubuhi. Nilitegemea vigelegele. Vikapigwa kidogo, halafu mke wa shemasi, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, akauliza polepole, "Lakini mama, si Dereva alikufa?"

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Alikufa, kila mtu alikubali. Walimlilia wenyewe, palepale kwenye viti vyangu. Sasa mtu aliyekufa katika filamu ya tatu atasimamaje dirishani anapungia watoto mkono? Waliosema ni hadithi tu waliambiwa wanyamaze, hawajui kupenda. Mmoja alisema labda bustani ni ya wakati wa filamu ya kwanza, kabla hajafa. Akaulizwa, na je, wale walioiona ya tatu wamtazame wakijua atakufa, wasimwambie? Huo ni ukatili. Binti wa mke wa shemasi, aliyezaliwa hapahapa, anayesikia Kiswahili lakini anajibu Kiingereza, alisema ni mchezo wa watoto, tulieni. Mama yake akamwambia kwamba watoto wa hapa hawana wafu, ndiyo maana wanaongea hivyo.

Kinyozi akaja kutoka mlango wa pili, mashine bado mkononi, mteja wake amemwacha amenyolewa upande mmoja. Akanisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi simpingi mdogo wako, namheshimu. Ila maiti haendeshi treni. Mwanangu hapandi."

"Nani kakuambia ni maiti? Amekula ugali kwangu asubuhi."

"Huyo aliyekula ni mdogo wako. Anayeendesha ni marehemu."



Neno likasambaa. Kutoka saluni kwangu likaenda kwa mashabiki wa Yeoville, likaenda mtaa wa Observatory, likarudi limenenepa. Baadhi walitaka Dereva alazwe ndani ya treni amefunikwa shuka, abiria wapite wakitoa heshima. Baadhi walitaka treni ijiendeshe yenyewe, na kiti cha dereva kiwe tupu, kiwekwe maua. Yote hayo mke wa shemasi aliyaandika na kuyapeleka, kwa sababu ni mwaminifu. Bustani wakajibu kwamba wamesikia uchungu wa mashabiki, na wanafikiria kuweka mashine badala ya mtu. Mwanasesere wa umeme, anayepepesa macho.

Mdogo wangu alisomewa ujumbe ule kwenye maegesho, amevaa kizibao chake. Alisema sawa. Akaenda kumwelekeza mtu wa bakkie, ile pikapu ya hapa, arudi nyuma. Ile sawa yake naijua tangu akiwa mtoto. Ni sawa ya mtu aliyezoea kunyang'anywa sahani kabla hajashiba.

Nikaita mkutano, Jumapili baada ya kanisa, saluni kwangu. Wakaja wote, wamevaa vizuri, wakakaa mpaka chini ya mashine za kukaushia nywele. Nikasimama mbele. Nikawaambia ninyi nyote mna kwenu, na kwenu kuna watu waliokufa. Je, jina linakufa? Kwetu kusini mwa Kongo mtu akifa, kilio kikaondolewa, yaani matanga yakaisha, tunamchagua mrithi, tunamvika jina. Tunaita kupyana. Akishavikwa, yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu wanamwita baba hata kama wamemzidi umri. Nina rafiki ambaye babu yake ni mvulana anayechezea timu ya vijana, na anamheshimu. Dereva alikufa, kweli, na ninyi mkamwacha. Mlilia, mkamaliza kusuka, mkaenda. Nani alimwondolea kilio? Nani alirithi jina lake? Ndiyo maana anawasumbua.

Yule Mtanzania akakuna kichwa, akasema kwao Uzaramo si hivyo, lakini ameelewa. Mke wa shemasi alikuwa anafuta machozi, akasema ni kweli, tulimwacha.

Halafu, kwa kuwa ni mashabiki, wakaanza kubisha. Wakauliza nani anafaa kurithi, nikasema kwetu mrithi lazima atoke katika tumbo moja na marehemu: mdogo wake, au mtoto wa dada yake. Dereva ana ndugu? Katika filamu hana mtu. Ana yule mwanamke wa mkate tu. Ni nani yule? Wengine walisema mke. Kinyozi alisema ni mwuza mkate, watu wanauza vitu madirishani kila siku, si ndugu zetu. Wakawasha filamu, wakarudisha nyuma, wakatazama, wakarudisha. Mwanamke anasema, hujala tena. Anampa mkate, anageuka. Ni hivyo tu. Waliitazama sehemu ile mpaka mimi, nikiwa nimewapa mgongo, nikaweza kuisema kwa Kiingereza.

Nikasema yule ni dada yake. Nikasema hakuna mke anayempa mume mkate bila kumuuliza atarudi saa ngapi. Sikuwa na hakika. Nilisema nilichokihitaji, na nilikisema kwa nguvu, na njaa ilikuwa imewashika wote. Wakakubali. Na kwa kuwa dada wa filamu hawezi kuja Rosettenville, nikasema mimi nitasimama mahali pake. Nikisimama mimi kama dada wa Dereva, basi mdogo wangu ni ndugu yake wa tumbo moja. Ni mrithi wa haki. Imekwisha.

Tulifanya Jumamosi, uani kwangu. Mkeka, unga mweupe kwenye sahani, kikombe cha maji, uzi wa shanga nyeupe. Wanawake walikuja na vitenge vyao vya msiba. Mreno wa kuku alituletea kuku, akanishika mkono, akaniambia pole kwa kufiwa, nikamshukuru, maana ningeanzia wapi? Tukaanza na kilio, kwa sababu huwezi kuondoa kisichokuwepo. Mimi kama dada ndiye wa kuanzisha. Nilifikiri nitaigiza. Nikafungua mdomo, na aliyekuja kinywani ni mama yangu. Tulipomzika Likasi hakuna aliyemrithi jina, ndugu waligawana sufuria wakaondoka. Nililia pale kwa sauti ambayo majirani walitoka kuitazama. Watu wakasema, ona jinsi alivyompenda Dereva.

Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sare ya bustani amevaa. Nikachukua unga. Mke wa shemasi akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Swali moja."

"Uliza, ugali unapoa."

"Dereva ana mvi. Mwanamke wa mkate nywele zake nyeusi tii. Yule ni dada yake mdogo."

"Na kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe umesimama mahali pa mdogo. Huyu akishakuwa Dereva, ni kaka yako mkubwa."

Ua mzima ulinitazama. Na alikuwa na haki, mwanamke yule, kupyana ni kupyana, huwezi kuchukua jina ukaacha umri. Mimi katika maisha haya nimenyang'anywa vingi, lakini ukubwa hakuna aliyeugusa. Polisi ananiita mama. Mwenye nyumba aliniita mama akiwa ananifukuza. Na huyu kwenye mkeka nimemtafunia mihogo nikamtia mdomoni. Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anangoja, na ile kadi yenye picha inaning'inia shingoni.

Nikampaka unga. Nikampa maji, nikamfunga shanga. Nikasema, "Amka, kaka."

Wakarekodi yote kwa simu, wakapeleka. Siku chache baadaye bustani wakatuita, mimi, mke wa shemasi na kinyozi. Tulipokelewa na bwana mmoja kijana wa suti, ofisi yenye mfano wa ule mji wa chini mezani, mdogo kama keki. Alisema ameona video, imemgusa, lakini anaomba kuelewa. Mke wa shemasi alijibu kwa niaba yetu.

"Kwa hiyo mashabiki wanakubali kwamba Dereva yuko hai?"

"Hapana. Alikufa."

"Kwa hiyo huyu ni dereva mpya."

"Hapana. Ni yuleyule."

"Aliyekufa?"

"Aliyekufa ni mwingine. Yeye ndiye."

Bwana alinywa maji. Akasema wenye filamu huko ng'ambo wameweka sharti, Dereva lazima awe yuleyule wa kwenye filamu, asiwe mtoto wake wala msaidizi wake. Mke wa shemasi akamwambia basi wameshakubaliana nasi, shida iko wapi? Kinyozi akaongeza kwamba mwanae sasa atapanda. Yule mama wa Kizulu, mteja wangu, alikuwa amekaa pembeni. Akamwambia bosi wake kwa utulivu kwamba hata kwao mambo haya yanaeleweka, aandike tu yuleyule. Akaandika yuleyule. Mashine haitanunuliwa.

Halafu akauliza kama tunaweza kuja kufanya sherehe ile mbele ya wageni kila Jumamosi, mara mbili kwa siku. Nikamjibu mimi mwenyewe kwa Kiingereza changu cha barabarani. Mtu harithiwi kila Jumamosi. Tukaondoka.

Eneo bado linajengwa, lakini yeye ameshaanza kazi, wanamfundisha treni. Asubuhi ya kwanza alipita jikoni, sare imenyooshwa, mimi nikiwa kwenye jiko. Nilimngojea anisalimie kama kila siku. Akavuta kiti akakaa.

"Mdogo wangu," akasema, "chai."

Nilichukua birika. Hakuwa anatania, na ndilo lililoniuma. Alikuwa amekaa wima, mgongo haugusi kiti, kama mtu anayeheshimu kilichowekwa juu yake. Nikamimina. Akasema sukari imezidi. Tangu siku hiyo ananiuliza nimetoka wapi, ananishauri kuhusu saluni, ambayo hajawahi kusuka hata mkia mmoja ndani yake, na mashabiki wanampelekea kesi zao za ndoa anaamua. Nimejaribu kumwita mdogo wangu faraghani. Haitiki. Anangoja mpaka niseme vizuri.

Leo nina hivi. Saluni moja Rosettenville, viti sita, mashine nne za kukaushia nywele, mbili nzima. Televisheni moja. Nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na viwili vya nyuma vya kupangisha. Jenereta moja. Friji mbili. Kaburi la mama Likasi, nimelijengea saruji. Karatasi za kuishi, halali. Kaka mmoja, mkubwa wangu, ana kazi.